Kabla Mteja Hajafumba Macho: Mwongozo Kamili wa Maadili kwa Mnasihi na Mtoa Tiba ya Hipnosi

Soko la Majengo, Dodoma, Jumamosi asubuhi, mwaka wangu wa pili kazini. Nachagua nyanya, nikainua macho, nikamwona mteja wangu upande wa pili wa meza na kikapu mkononi. Nikafurahi, maana alikuwa amenawiri kuliko nilivyomzoea. Nikamwita kwa jina, nikamuuliza, "Siku hizi usingizi unakuja?"

Mama mtu mzima aliyesimama pembeni yake akageuka taratibu. "Kwani alikuwa halali?"

Alikuwa mama mkwe. Mteja wangu akazikodolea macho zile nyanya kama vile zimeandikwa kitu. Ofisini hakurudi tena, na simu zangu hakupokea.

Ukifuata kitabu, siri sikutoa. Sikutaja ndoa yake wala kilichomnyima usingizi. Nilisema maneno manne tu, na kwa maneno hayo manne mama mkwe akajua kwamba mkamwana wake ana jambo, na kwamba kuna mtu wa nje anayelijua. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho darasani hakikuniingia. Chuoni maadili tulifundishwa kama orodha ya madhambi makubwa: usilale na mteja, usiuze siri zake, usimtapeli. Wengi wetu hayo hatuyafanyi. Tunakosea sokoni, kwenye ujumbe wa simu, kwenye ukuta mwembamba, kwenye kuku wa zawadi. Na mambo ya namna hiyo hayakupi nafasi ya kufikiri yanapotokea. Yapangwe mapema, mteja akiwa bado hajagonga mlango.

Nayaandika kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe. Ninafanya unasihi wa kawaida, na kwa wateja wachache natumia hipnosi, ile njia ya kumtuliza mtu kwa maelekezo ya sauti hadi mawazo yake yakusanyike mahali pamoja. Asiyetumia hipnosi bado ana kazi nyingi humu.

Hatua ya 1: Jua wewe ni nani, kisha useme hivyo hivyo

Chukua karatasi, chora mistari miwili iwe safu tatu. Ya kwanza andika matatizo unayoweza kuyashughulikia mwenyewe kwa mafunzo uliyonayo. Ya pili, yale unayoyaweza ukiwa na msimamizi wa kitaaluma nyuma yako, yaani mtaalamu mzoefu unayempelekea kesi zako akuangalie. Ya tatu, yale ya kutoa rufaa, yaani kumpeleka mteja kwa mtaalamu mwingine. Kama safu ya tatu imebaki tupu, rudi mwanzo, hujajisema ukweli.

Kozi ya wikiendi mbili, hata iwe nzuri namna gani, inakupa mbinu. Taaluma haikupi. Niseme wazi msimamo wangu: hipnosi ni chombo ndani ya mkoba wa mtu ambaye tayari ana taaluma ya afya au unasihi. Usitibu kwa hipnosi tatizo ambalo usingejua kulitibu bila hiyo hipnosi. Daktari wa meno akiitumia kumtuliza mgonjwa anayeogopa sindano, yuko kwake. Fundi simu aliyesoma mtandaoni akiitumia kwa mama mwenye sonona baada ya kujifungua, hayuko kwake.

Jina nalo lina maadili yake. Usijiite "Dokta" kama si daktari na huna shahada ya uzamivu. Ukitangaza huduma yako kama tiba mbadala, kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na Baraza lake, nenda ukajisajili. Ukijitangaza kama mtaalamu wa afya, mabaraza ya wataalamu wa afya yapo. Usijiweke katikati ili kila ukiulizwa useme uko upande ule mwingine.

Na bango. Ukitokea stendi ya Nzuguni unazijua zile mbao zilizopigiliwa kwenye miarobaini: mpenzi aliyepotea, mali, nguvu za kiume, majibu ndani ya siku tatu. Tunazicheka, halafu mtu mwenye cheti anaandika kwenye ukurasa wake "Acha sigara kwa kikao kimoja, uhakika asilimia 100". Ni mbao ile ile, imebadilishwa rangi tu. Andika unachokifanya, elimu yako, bei, na saa za kazi. Shuhuda za wateja usiweke hata kama wamekubali wenyewe, kwa kuwa anayekushukuru leo hajui kesho atakuwa anagombea udiwani au anatafuta kazi mahali ambapo mtu ataliperuzi jina lake.

Kuhusu rufaa, sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko hapa hapa. Tuna na tatizo linaloambatana na bahati hiyo. Jina lenyewe limekuwa tusi la mitaani. Watoto wanaambiana "wewe wa Mirembe" wakigombana. Ukimwambia mteja "nakupeleka Mirembe" bila maandalizi, umempoteza. Mimi husema hivi: "Mama, hiki unachokisikia, hizo sauti, kina dawa, na mimi sina ruhusa ya kuandika dawa. Kuna madaktari wanaofanya kazi hiyo tu. Wako Mirembe. Nitakuandikia barua, na ukitaka nitampigia daktari ukiwa umekaa hapa hapa, usikie ninachosema." Kusikia ninachosema ndiko kunakomtuliza.

Hatua ya 2: Pima chumba kwa masikio

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa Area C, chumba kimoja kilichogawanywa kwa jipsamu, upande wa pili saluni. Nilipachagua kwa sababu kulikuwa na kivuli na kodi ilikuwa nafuu. Mwezi wa pili dada wa saluni aliniambia kwa wema kabisa, "Yule mama wa jana maskini, nimemwonea huruma." Nilihama kabla kodi haijaisha.

Kipimo ni hiki. Weka redio kwenye kiti cha mteja, ifungulie kwa sauti ya mtu anayelia na kuongea. Toka, funga mlango, kaa kwenye benchi la kusubiria. Kisha zunguka nje, simama dirishani. Ukitambua hata sentensi moja, chumba hakifai. Mapazia mazito, mlango wa mbao nzito na feni nje ya mlango husaidia. Usikifanyie kipimo hiki wakati wa mvua, bati litakudanganya.

Kwa hipnosi ongeza jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Mlango uwe na kioo kidogo juu, ili aliye mapokezi aone bila kusikia. Mteja anafumba macho mbele yako, na mtu aliyefumba macho amekupa kitu kikubwa. Kioo kinamlinda yeye, na kinakulinda wewe siku mtu akisema uongo. Atumie kiti chenye mgongo mrefu. Kitanda au kochi la kulalia sitaki, na aliyeniuliza kwa nini nilimjibu kwamba mteja asiye na kitanda ofisini kwako hana haja ya kujieleza nyumbani kwake.

Weka dakika 15 kati ya mteja na mteja, wasipishane mlangoni. Lipa namba yako isajiliwe kwa jina lisilosema kitu. Mteja wangu mmoja aliulizwa na mumewe "Hii huduma ya ndoa uliyolipia ni ndoa ya nani?" kwa sababu ujumbe wa malipo ulikuja na jina la biashara yangu ya zamani. Siku hiyo hiyo nilianza kulibadilisha.

Hatua ya 3: Ridhaa, na hapa usiharakishe

Historia kidogo, kwa kuwa inaeleza kila kitu. Miaka ya 1780 daktari Franz Anton Mesmer alikuwa gumzo mjini Paris. Alidai anaponya kwa nguvu ya sumaku iliyomo ndani ya viumbe. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI aliunda tume ya kumchunguza, na miongoni mwa wajumbe walikuwamo Benjamin Franklin na mwanakemia Antoine Lavoisier. Tume ilihitimisha kwamba sumaku hiyo haipo, na kwamba kilichowapata wagonjwa kilitokana na mawazo yao wenyewe. Hiyo ndiyo ripoti inayojulikana. Ila wajumbe waliandika nyingine ya siri kwa mfalme, na humo walionya juu ya hatari ya kimaadili: mwanamume anayetoa tiba hiyo na mgonjwa mwanamke wamekaa karibu karibu, mikono inagusa mwili, na mgonjwa hayuko katika hali ya kujitetea. Neno hipnosi lilikuwa halijaanza kutumika. Daktari wa upasuaji James Braid alikuja kulieneza miaka ya 1840 kule Manchester. Yaani onyo la maadili lilitangulia jina la tiba yenyewe.

Sasa turudi kwetu. Mteja wa Dodoma, au aliyekuja kwa basi kutoka Kibaigwa au Manyoni, anapoambiwa "nitakuongoza ufumbe macho, utulie" anasikia mambo mawili. La kwanza ni kupunga pepo. La pili ni ramli: kwamba wewe utayaona yaliyomo ndani yake bila yeye kusema. Mlokole ataogopa la kwanza, na mwingine amelifuata la pili na fedha mkononi. Ukinyamaza ukaacha kila mmoja aamini lake kwa sababu linaongeza wateja, hujapata ridhaa. Umepata sahihi tu.

Kwa hiyo kikao cha kwanza hakina hipnosi kabisa. Ni maelezo. Ninayosema, karibu neno kwa neno:

"Shikamoo mzee. Kabla hatujaanza, nikueleze hii kitu ilivyo. Hutalala usingizi. Utanisikia muda wote. Mimi siwezi kuingia kichwani mwako wala kuona siri yako, na hakuna pepo anayeitwa wala anayetolewa hapa. Nitakuongelesha polepole, mwili utulie, ndiyo tutafanyia kazi hayo maumivu. Ukitaka kufumbua macho, fumbua. Ukitaka nisimame, inua kidole hiki, nitasimama hata kama niko katikati ya neno. Sitakugusa. Ukitaka mke wako akae ndani, atakaa pale. Inasaidia baadhi ya watu, wengine haiwasaidii. Ikifika vikao vitatu hujaona nafuu, nitakwambia tutafute njia nyingine."

Halafu namwomba anirudishie kwa maneno yake. Hapo ndipo utajua kama ameelewa. Mzee mmoja alinirudishia, "Yaani ni kama mtu anavyosikiliza zeze jioni, yupo na hayupo." Sijawahi kuyaeleza vizuri kiasi hicho mimi mwenyewe.

Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja. Asiyesoma asomewe, aweke dole gumba, na shahidi awe mtu aliyemchagua yeye. Iwe na bei, muda, mipaka ya usiri, haki ya kuacha wakati wowote, na mahali pa kulalamika. Ndiyo, weka mahali pa kulalamika: jina la msimamizi wako wa kitaaluma, na chama au baraza ulilosajiliwa. Mnasihi anayeogopa kuliweka hilo kwenye karatasi ana sababu yake.

Kabla ya kumkubali mtu kwa hipnosi, uliza kuhusu kifafa, kusikia sauti au kuona wasivyoviona wengine, dawa anazotumia, pombe, na kama amewahi kufikiria kujidhuru. Mwenye saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aone yasiyokuwepo, usimpe hipnosi, mpe rufaa. Mwenye maumivu yasiyoelezeka aonwe na daktari kwanza. Kuyatuliza maumivu ya tumbo kwa sauti yako laini huku kidole tumbo kikikaribia kupasuka ni kosa ambalo halina radhi.

Hatua ya 4: Ndani ya kikao chenyewe

Lugha yako iwe ya kukaribisha. "Unaweza", "ukipenda", "kama inakufaa". Usitoe maelekezo ambayo hamkukubaliana kabla. Amekuja kwa hofu ya kusimama mbele ya watu, basi ni hiyo. Usimwekee la kupunguza uzito kwa sababu umeona anahitaji, wala la dini yako. Nina rafiki ambaye ni mtu safi kabisa, lakini alikuwa anamalizia kila kikao kwa kumwambia mteja atajisikia kwenda ibadani. Nilimwambia hiyo ni kumwibia mtu akiwa amefumba macho. Tulinuniana wiki mbili.

Kugusa: hapana. Hata begani, hata ukimwona analia. Mpe leso.

Sasa jambo zito kuliko yote katika hatua hii. Watakuja watu wanaotaka uwarudishe nyuma "wakumbuke". Kwa Wamarekani lilikuwa balaa la miaka ya 1980 na 1990. Wataalamu waliwasaidia wateja kuibua kumbukumbu za kudhulumiwa utotoni, kwa hipnosi, kwa dawa, kwa maswali ya kuongoza, na nyingi ya kumbukumbu hizo zilikuja kutiliwa shaka kubwa. Mwaka 1994 huko California baba mmoja, Gary Ramona, aliwashinda mahakamani wataalamu waliomtibu binti yake, akalipwa dola 500,000. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus ameonyesha kwa majaribio kwamba mtu anaweza kuaminishwa akakumbuka kupotea dukani utotoni, tukio ambalo halikutokea. Hipnosi haifungui ghala la kumbukumbu. Inachoongeza ni uhakika wa mtu juu ya anachokisema, kiwe kweli kisiwe.

Huku kwetu swali linakuja kwa sura nyingine. "Nifumbe macho nimwone aliyeniroga." "Nione nani kaiba." Dada mmoja alishanitajia kabisa jina analotegemea litokee: shangazi ya mumewe, bibi wa zaidi ya miaka 70 huko Bahi. Fikiri ningekubali. Angefumba macho, angemwona, kwa sababu ndiye aliyekuja naye kichwani. Kisha angetoka kwangu na muhuri wa "mtaalamu". Nchi hii vikongwe wamekatwa mapanga kwa jina lililotajwa tu. Kwa hiyo hapa hakuna mjadala wala bei: hipnosi haitumiki kumtafuta mchawi, mwizi, mchepuko wala baba wa mtoto. Nilimkatalia, nikabaki naye kwa unasihi wa kawaida kuhusu watoto wawili aliokuwa amezika. Huko ndiko kilikokuwa kidonda.

Kikao kikiisha, mrudishe taratibu, mwulize leo ni siku gani, mwombe asimame, atembee hadi dirishani, anywe maji. Dereva wa bodaboda hapewi funguo zake mpaka dakika kumi zipite na anazungumza kama alivyoingia.

Hatua ya 5: Usiri, na mahali unapokoma

Kanuni nyepesi ya sokoni: mteja akinisalimia, namsalimia. Asiponisalimia, simjui. Na hili namwambia mapema, "Tukikutana mjini sitakuita, usidhani nimekudharau." Kwa Mswahili kumpita mtu bila salamu ni tusi, kwa hiyo lisiposemwa mapema utaonekana una kiburi.

Makundi ya WhatsApp ya wanasihi ni mahali pabaya kuliko soko. "Wenzangu, nina mama wa miaka 40, ana duka la dawa Kikuyu, mume ni mtumishi wizarani, naombeni ushauri." Jina halipo, na nusu ya kundi wameshamjua. Dodoma imejaa watu tangu serikali ihamie, lakini bado ni mji wa kufahamiana. Ukiomba ushauri badilisha umri, kazi, mtaa, hata jinsia kama haigusi tatizo. Bora zaidi, mpigie msimamizi wako mmoja.

Usiri una mwisho, na mteja ausikie mwisho huo kabla hajaanza kusimulia. Kwangu ni mitatu.

Mtoto kwanza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuifikisha kwa serikali ya mahali hapo. Na mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Anza na afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au namba 116 ambayo ni bure. Usimwite mtuhumiwa kwanza "umsikilize upande wake", wala usikubali familia imalizane kwa mbuzi.

Pili, hatari ya karibu kwa maisha. Kisa ambacho wanafunzi wa taaluma hii hufundishwa duniani kote ni cha Tatiana Tarasoff, binti aliyeuawa mwaka 1969 na mtu ambaye alikuwa amemdokezea mtaalamu wake nia hiyo. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ilisema mtaalamu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa. Hiyo si sheria yetu, ila fikra yake inafaa kuwa na wewe mteja anapotaja jina na silaha na siku. Upande wa kujiua, jua kwamba Kanuni ya Adhabu imeliweka jaribio la kujiua kwenye makosa, na wateja wanalijua hilo kuliko unavyodhani. Ndiyo maana wanazunguka: "nimechoka", "natamani nisafiri mbali". Uliza moja kwa moja, kwa upole: "Umefikiria kujiua?" Swali halipandi mbegu. Akisema ndiyo, unatafuta ndugu anayemwamini yeye, mnaondoa sumu ya panya na kamba nyumbani, na mnakwenda hospitali pamoja.

Tatu, amri ya mahakama. Amri, si simu ya askari anayekufahamu. Ukiipata, toa kile tu kilichoombwa.

Hali ya mteja ya VVU haimo kwenye mitatu hiyo. Ina ulinzi wake katika sheria ya UKIMWI ya 2008, na hata mume akija amefura, jibu ni kumsaidia mteja aseme mwenyewe.

Hatua ya 6: Nani hasa ni mteja wako

Mji wa ofisi una tatizo hili kila wiki. Taasisi inamleta mfanyakazi, inalipa, kisha ofisa utumishi anapiga: "Vipi, kijana wetu, anafaa kurudi kazini?" Anayelipa na anayetibiwa ni watu wawili. Andika makubaliano ya pande tatu kabla ya kikao cha kwanza: mwajiri atapata idadi ya vikao vilivyohudhuriwa na ankara, basi. Akitaka tathmini ya kufaa kazini, hiyo ni kazi nyingine, ifanywe na mtu mwingine.

Wanandoa: usipokee siri ya mmoja pembeni. Nawaambia mwanzoni kwamba chochote atakachoniambia mmoja kwa simu kitaingia chumbani. Simu za usiku zilipungua ghafla.

Mtoto wa shule akiletwa na mzazi, mzazi ndiye anayetoa ridhaa, lakini mtoto naye aulizwe. Na mkubaliane mapema mbele yake mzazi ataelezwa nini.

Hatua ya 7: Mipaka, zawadi na mapenzi

Mama wa Kongwa alikuja na kuku amefungwa miguu, na gunia dogo la karanga. Miongozo ya nje inatahadharisha juu ya kupokea zawadi. Mkatalie mama yule kuku wake uone. Utakuwa umemwambia kwamba shukrani yake ni chafu. Mimi napokea kidogo kinacholika, mbele ya watu, nakiandika kwenye faili na kukigawana na wa mapokezi. Ubuyu, zabibu za Hombolo, karanga: sawa. Fedha juu ya bei, kitenge, simu, kiwanja: hapana. Na zawadi haiji kabla ya tiba kuisha. Yule kuku nilimwomba amtunze mpaka kikao cha mwisho. Akacheka, akasema atakuwa ametaga.

Ndugu, jirani wa karibu, mzee wa kanisa lako, anayekudai au unayemdai: toa rufaa. Kama hakuna mwingine wa kumwona, kama ilivyo vijijini, kaeni mwandike namna mtakavyotenganisha mambo.

Mapenzi na mteja ni marufuku, na marufuku hiyo haiishi siku ya kikao cha mwisho. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kimeweka miaka 2 baada ya tiba kuwa ni chini kabisa, na hata baada ya hapo kinataka mtaalamu athibitishe kwamba hamnyonyi mtu. Mimi nasema milele. Kumbuka tu kwamba hamwanzi kitandani. Mnaanza kikao kinaposogezwa kuwa cha mwisho wa siku, unapochagua shati kwa ajili ya miadi ya saa kumi, unapomsimulia yeye shida za nyumbani kwako. Ukijikuta hapo, mpigie msimamizi wako leo leo, mteja ahamishiwe kwa mtu mwingine kwa staha.

Hatua ya 8: Faili, simu na kompyuta

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakuhusu hata kama una mteja mmoja. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Jisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kusanya kile tu unachokihitaji, na mteja akitaka kuona kilichoandikwa juu yake ana haki hiyo. Kwa hiyo andika kama mtu ambaye mteja atakusoma: "amesema mumewe humpiga", na siyo "mume ni mkorofi".

Faili kwenye kabati lenye kufuli, jina kwenye daftari moja na namba kwenye faili. Simu ya kazi iwe tofauti na ile ambayo mwanao anachezea. Kurekodi sauti ya kikao kunahitaji ridhaa ya peke yake, kwa maandishi.

Hatua ya 9: Mtu wa kukuangalia wewe

Tafuta msimamizi wa kitaaluma, umlipe, muonane angalau mara moja kwa mwezi. Idara za saikolojia na unasihi vyuoni, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kikiwamo, ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza. Asiwe rafiki yako wa kahawa. Mpelekee kesi unazoona aibu kuzisema, hizo ndizo zake.

Ukikosea, kiri mapema, kwa mteja, bila kujitetea, na bila kumbebesha kazi ya kukufariji. Yule wa soko la Majengo nilimwandikia ujumbe mmoja usio na jina wala neno la tiba: "Nilikosea Jumamosi. Samahani. Sitakutafuta tena, ila ukihitaji mtu mwingine ninao wa kukuelekeza." Hakujibu. Wala sikutuma wa pili.

Mwisho panga siku usipokuwepo. Ajali ya barabara ya Morogoro haiulizi una wateja wangapi. Funguo ya pili ya kabati langu iko kwa mwenzangu mmoja Ipagala, ndani ya bahasha iliyofungwa. Anajua atafungua daftari la majina tu, atawapigia wenye miadi ya wiki hiyo kwa sauti yake mwenyewe, akiuliza kwanza kama wanaweza kuongea. Mafaili yote mengine hataligusa hata moja mpaka mwenyewe aombe.